Bunduki ya Moshi na Risasi Zilizolowa Chumvi: Stori ya Tanga 1915 Isiyo na Majina

Kila siku watu wanapita pale Posta, Dar es Salaam, kwenye ile sanamu ya Askari. Wengine wanapiga selfi, wengine wanaitumia kuelekezana tu, "nikute pale sanamuni", halafu wanaendelea na mishe zao. Jamaa wa shaba kasimama pale tangu mwaka 1927, kainama kidogo, bunduki yenye singe kaielekeza mbele kama mtu anayenyemelea kitu vichakani. Ana sare, ana bunduki. Jina hana.

Sanamu ile ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo upande wa Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Lakini upande wa pili nako kulikuwa na Waafrika, chini ya Wajerumani walioitawala nchi hii wakati huo, na sanamu ile si yao. Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wayao na wengine kibao. Vita haikuwa yao, na bunduki waliyopewa haikuwa chaguo lao.

Na hapo ndipo stori inapoanza. Kwa miaka minne, nani atatoka porini na nani atabaki huko kulikuja kutegemea kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja: risasi. Unene wake, baruti yake, na kama imekauka vizuri au bado ina chumvi ya bahari. Majina ya makamanda wa vita ile yamejaa kwenye vitabu, kwa hiyo leo yakae pembeni. Hii ni stori ya wale ambao majina yao hayakuandikwa.

MTUMBA WA ULAYA

Mwaka 1914, jeshi la Wajerumani huku lilikuwa na kompania 14 na askari Waafrika kama 2,500. Kompania chache tu ndizo zilizokuwa na bunduki za kisasa. Wengine wote walibeba bunduki ya muundo wa mwaka 1871. Piga hesabu: muundo wenye umri wa miaka 43. Ujerumani kwenyewe wanajeshi walishaiacha zamani, wakapewa mpya, na zile za zamani zikasukumwa makoloni. Kumbe mitumba haikuanza na mabalo ya nguo.

Isichanganywe na gobore. Gobore unalishindilia baruti na gololi kupitia mdomoni, na ndilo walilokuwa nalo wengi wa wapiganaji wa Majimaji mwaka 1905. Hii ya 1871 ilikuwa hatua moja mbele. Ilipokea risasi kamili ya chuma kwa nyuma, moja baada ya nyingine. Unapiga, unafungua, ganda linatoka, unaweka nyingine. Kaliba yake, yaani upana wa tundu la mtutu, ilikuwa milimita 11. Kichwa cha risasi kilikuwa donge la madini ya risasi lenye uzito wa gramu 25 hivi. Ukipigwa nalo, si mchezo.

Sasa mtu atauliza: kama ni kubwa hivyo, shida iko wapi? Si kubwa ndiyo bora?

Hapana. Na hili ndilo jambo ambalo majeshi ya Ulaya yaligundua miaka ya 1880. Mfaransa mmoja mkemia, mwaka 1884, alitengeneza baruti mpya ambayo haitoi moshi mzito. Baruti nyeusi ya zamani ni mchanganyiko wa shura, salfa na makaa, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa chembe ngumu. Chembe hizo ndizo moshi, na ndizo masizi yanayoziba mtutu. Baruti mpya iliungua karibu yote ikawa gesi. Nguvu juu, uchafu chini.

Kwa nguvu hiyo, haikuwa lazima tena risasi iwe donge. Wafaransa wakashuka mpaka milimita 8 mwaka 1886. Wajerumani wakafuata mwaka 1888 kwa milimita 7.9, na Waingereza mwaka huohuo wakachagua 7.7. Kichwa cha risasi ya Kijerumani ya kisasa kilikuwa na gramu 10 tu, lakini kiliruka karibu mara mbili ya mwendo wa lile donge la 1871. Na kwa kuwa kilikuwa chembamba na kilichochongoka, kilikwenda kimenyooka kwa umbali mrefu zaidi. Kidogo kikamshinda kikubwa.

MOSHI UNAKUUZA

Kwenye karatasi hizo ni namba tu. Porini ilikuwa uhai na kifo.

Fikiria askari kajificha kwenye kichaka cha mkonge au ndani ya nyasi ndefu. Adui hamuoni. Anavuta kifyatulio mara moja, na pale pale wingu jeupe linapanda juu ya kichaka. Hata karani wa mjini ambaye hajawahi kuwinda sungura angejua aelekeze bunduki wapi. Mwenye bunduki ya kisasa anapiga mara tano, kumi, na wanaomtafuta wanasikia mlio tu, hawajui umetoka wapi.

Kwa hiyo bunduki ya moshi ilimuuza mwenyewe. Askari wenyewe walilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana kwenye jeshi lile zawadi kubwa kuliko zote kwa askari aliyefanya vizuri haikuwa medali wala hela. Ilikuwa ni kubadilishiwa bunduki: kurudisha lile dude la moshi na kupewa ya kisasa iliyotekwa kwa adui. Leo mtu akifanya vizuri kazini anategemea bonasi. Yule askari zawadi yake ilikuwa nafasi nzuri zaidi ya kufika kesho.

Novemba 1914 nafasi hiyo ilikuja kwa wengi kwa mpigo. Waingereza walileta kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India kuivamia Tanga. Walinzi wa mji walikuwa kidogo tu zaidi ya elfu moja. Mapigano yaliisha kwa Waingereza kurudi melini mbio, na stori ya nyuki waliovamia watu katikati ya vita inasimuliwa Tanga mpaka leo. Kinachosahaulika ni kilichobaki ufukweni: mamia ya bunduki za kisasa za Kiingereza, za kutosha kompania tatu, rashasha 16, na risasi 600,000.

Lakini mzigo huo ulikuja na mtego wake. Risasi ya Kiingereza ya 7.7 haiingii kwenye bunduki ya Kijerumani ya 7.9, wala ya Kijerumani haifai kwenye ya Kiingereza. Na zote mbili hazina kazi kwenye ile ya 11. Jeshi moja sasa lilikuwa na kaliba tatu. Kila sanduku lililopelekwa mahali pasipo pake lilikuwa ni sanduku la chuma kisicho na faida. Wadau wa simu wataelewa haraka: ni kama nyumba nzima ina chaja tatu tofauti, na umeme umebaki dakika tano.

HESABU YA JASIN

Miezi miwili baadaye, Januari 1915, ikaja Jasin, kijiji cha pwani kaskazini mwa Tanga, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Mapigano yalichukua siku mbili. Wajerumani walishinda, Waingereza na Wahindi waliokuwa wamezingirwa wakajisalimisha. Ushindi, siyo?

Kamanda alipokaa na kupiga hesabu, ushindi ule ukageuka kuwa mchungu. Siku mbili zilikuwa zimekula risasi 200,000. Kwa akiba iliyobaki, alihesabu kuwa angeweza kupigana vita vya namna ile mara tatu tu zaidi, basi. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Kiingereza. Kiwanda cha risasi hakikuwepo. Tangu siku hiyo mbinu ikabadilika: vikundi vidogo, kuvizia, kulipua reli ya Mombasa kwenda Nairobi, kupiga na kupotea.

Na hizo risasi 200,000 zilifikaje Jasin? Hapa ndipo kaliba inapokutana na shingo ya binadamu. Huko porini ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo mizigo ilibebwa na watu. Risasi nzima ya kaliba 11, ganda na kila kitu, ilikuwa na gramu zaidi ya 40. Ya 7.9 ilikuwa na kama gramu 24. Chukua mpagazi mmoja mwenye mzigo wa kilo 25, achana na uzito wa sanduku. Za zamani anabeba pungufu ya 600. Za kisasa anabeba zaidi ya 1,000.

Yaani kaliba ndogo maana yake ni wapagazi karibu nusu kwa risasi zilezile. Na kaliba kubwa maana yake ni mamia ya wanaume zaidi waliochukuliwa vijijini, mashamba yao yakabaki hayajalimwa, wakatembea na mbao za sanduku zikiwakata mabega. Mhandisi aliyechora mtutu kule Ulaya mwaka 1871 hakuwahi kuwaona hao watu. Walibeba uamuzi wake kichwani.

MELI YENYE BENDERA YA WENGINE

Berlin walijua hali ni mbaya. Februari 1915 meli moja iliondoka Ujerumani ikiwa na bendera ya Denmark na jina la kubuni, Kronborg. Jina lake halisi lilikuwa Rubens, meli ya Kiingereza iliyokamatwa bandarini Hamburg vita ilipoanza. Juu ilionekana imebeba mbao. Chini kulikuwa na makaa ya mawe kwa ajili ya manowari ya Kijerumani iliyokwama kwenye delta ya Rufiji, bunduki za kisasa, na mamilioni ya risasi. Ilizunguka Afrika nzima kupitia kusini.

Tarehe 14 Aprili 1915 ilikaribia pwani ya Tanga, na Waingereza walikuwa wanaisubiri. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaifukuza mpaka ndani ya ghuba ya Manza, kaskazini mwa mji, na kuanza kuipiga mizinga. Nahodha akaona mwisho umefika. Akafanya uamuzi wa akili: akaizamisha mwenyewe kwenye maji yasiyo na kina, ili mzigo wa chini uokolewe na maji kabla haujaguswa na moto. Mbao za juu zikawaka, moshi ukapanda, na Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wapiga mbizi wakaingia ndani ya meli, siku baada ya siku, wakatoa masanduku moja moja. Wakayafikisha ufukweni. Bunduki zilisafishwa na kupakwa mafuta, zikawa nzima. Lakini risasi zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi.

Hapa kuna jambo la kumfanya mtu akae kimya kidogo. Miaka kumi tu kabla, kwenye Majimaji, watu wa kusini waliambiwa kuwa maji ya dawa yatazigeuza risasi za Mjerumani. Hayakuzigeuza, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi zaidi kwa njaa iliyofuata. Sasa mwaka 1915, maji ya Bahari ya Hindi yalikuwa yamefanya kile ambacho yale ya dawa hayakufanya. Risasi zililowa. Na walioitwa kuzifufua walikuwa Waafrika.

KAZI YA VIDOLE

Risasi ina sehemu nne. Ganda, ambalo ni kikombe cha shaba. Fataki, ambayo ni kidonge kidogo kilichokaa kitakoni mwa ganda. Baruti, iliyo ndani. Na kichwa, kile kinachoruka. Pini ya bunduki inagonga fataki, fataki inatoa cheche, cheche inawasha baruti, gesi inasukuma kichwa. Kiungo kimoja kikigoma, mnyororo wote umekatika, na unachosikia ni "kli" tu.

Maji ya chumvi yanaingia taratibu, pale kichwa kinapoungana na ganda na pale fataki inapokaa. Baruti nyeusi ya zamani ikilowa ndiyo basi tena, kwa sababu shura yake inayeyuka kama sukari kwenye chai. Baruti isiyo na moshi ni ngumu zaidi. Haiyeyuki kwenye maji, unaweza kuikausha ikarudi kazini. Fataki ndiyo mgonjwa mwenyewe: dawa yake ni kidogo sana, na unyevu kidogo unatosha kuiua. Halafu chumvi ikibaki ndani inaendelea kula shaba kimya kimya, hata sanduku likiwa limekauka kwa nje.

Kwa hiyo hakukuwa na njia ya mkato. Ilibidi kila risasi ifunguliwe. Unavuta kichwa bila kulipasua ganda. Unamwaga baruti, unaisafisha, unaianika ikauke. Unakagua fataki, ikibidi unabadilisha. Unarudisha baruti kwa kipimo kilekile, maana ikipungua kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na ikizidi bunduki inaweza kumpasukia mpigaji usoni. Halafu unarudisha kichwa, kimekaa sawa, kwa kina kilekile. Moja imekamilika. Chukua nyingine.

Sasa fanya hivyo kwa mamia ya maelfu, mpaka mamilioni. Kazi ilikwenda usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Hakuna mlio wa tarumbeta kwenye kazi kama hii. Ni vidole, mgongo unaouma, na harufu ya baruti inayobaki kwenye ngozi hata ukioga. Na hatari iko mezani muda wote: lundo la baruti inayokauka halitaki mtu anayewasha sigara.

Leo Marekani kuna watu wanafanya kazi ya aina hii kama starehe. Wanajaza upya maganda yao gereji kwao, wana mizani ya umeme na vitabu vya vipimo, wanabishana kuhusu kaliba ipi ndogo inafaa kwa shabaha. Bongo ni jinai bila kibali, na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haina utani. Lakini tofauti kubwa ni nyingine. Yule wa gereji anachagua kaliba yake, na akikosea anapoteza jioni yake moja. Wale wa 1915 hawakuchagua chochote, na wakikosea alikufa mtu mwingine, mbali, asiyejua kwa nini bunduki yake imegoma.

MOJA KATI YA TANO

Zilipokamilika, risasi zilijaribiwa kwa mafungu. Unachukua kadhaa kutoka kwenye fungu, unapiga, unahesabu ngapi zimegoma. Halafu mgawo ukapangwa hivi.

Fungu ambalo halikugoma hata moja lilikwenda kwenye rashasha. Sababu iko wazi: rashasha inajisukuma yenyewe kwa nguvu ya risasi iliyotangulia, ikigoma moja bunduki nzima inasimama. Fungu lililogoma zaidi ya asilimia 20 lilikwenda kwenye mazoezi ya shabaha. Na fungu lililogoma mpaka asilimia 20? Hilo lilikwenda kwa askari wa kawaida, mstari wa mbele.

Soma tena. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani inabeba risasi tano kwa mara moja. Asilimia 20 ni moja kati ya tano. Yaani askari aliyeangukia fungu baya kuliko yote yaliyokubaliwa alikuwa anaingia vitani akijua kwamba kwa kila tano anazojaza, moja inaweza ikasema "kli". Hajui ni ipi. Inaweza kuwa ya kwanza, wakati adui yuko hatua mia mbili. Inaweza kuwa ya mwisho, wakati yuko hatua kumi.

Huo ulikuwa uamuzi wa mezani, na ukiutazama kwa macho ya kamanda una mantiki. Risasi hazitoshi, utazitupaje zenye uzima wa asilimia 80? Ila mantiki hiyo ilikuwa na mtu wa kuilipia, na mtu huyo hakuwa mezani.

Na bado, kwa askari aliyetoka kwenye bunduki ya moshi, biashara ilimlipa. Afadhali bunduki inayogoma mara moja kati ya tano kuliko inayopandisha wingu kila ikilia. Hapo ndipo unapata picha ya jinsi lile dude la 1871 lilivyochukiwa.

KALIBA YA ADUI

Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilipenya mpaka Sudi, karibu na Lindi, na mzigo wake ukaingia ukiwa mkavu. Baada ya hapo, basi. Hakuna meli nyingine iliyofika. Waingereza waliichukua Dar es Salaam Septemba 1916, na jeshi la Wajerumani likasukumwa kusini, likipungua kila mwezi.

Kuanzia hapo swali la kaliba lilijijibu lenyewe. Kaliba nzuri haikuwa tena ya Kijerumani wala ya Kiingereza. Ilikuwa ile ambayo adui aliyeko mbele anaibeba, kwa sababu ghala lilikuwa ni yeye. Novemba 1917 kikosi kilichobaki kilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na tarehe 25 mwezi huo kikavamia kambi ya Wareno pale Ngomano. Kilitoka na mamia ya bunduki na risasi kama 250,000. Bunduki za Kijerumani zilizoishiwa risasi ziliachwa, na askari wakajifunza bunduki ya Kireno njiani, wakitembea.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, 25 Novemba 1918, kikosi hicho kilisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, Zambia. Vita Ulaya ilikuwa imeisha wiki mbili zilizopita. Askari 1,168 walipanga mstari. Bunduki zilizowekwa chini zilikuwa 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita bila bunduki ya kisasa ya Mjerumani hata moja mkononi mwa askari wake.

FAGIO

Mwisho wa vita askari walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Wapagazi ndio hata kudai hawakuwa na pa kudaia. Upande wa Waingereza nako wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina lao limebaki kwenye soko. Kariakoo ni Kikosi cha Wapagazi kama Waswahili walivyokisikia Kiingereza chake, na Nairobi wana Kariokor yao. Unanunua viatu pale, unapigia kelele bei, umesimama juu ya kambi yao.

Askari wa Mjerumani walisubiri mpaka mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba walipokusanyika Mwanza, wazee watupu, wachache tu walikuwa na karatasi za kuthibitisha. Wengine walikuja na kipande cha sare, wengine mikono mitupu. Ndipo mlipaji akapata wazo. Kila mzee alipewa fagio ashike kama bunduki, akapewa amri za gwaride kwa Kijerumani. Miaka karibu hamsini ilikuwa imepita. Mikono ilikumbuka. Inasemwa hakuna aliyeshindwa.

Ni stori tamu, na ndiyo maana inarudiwa. Lakini jiulize nani hakuitwa kwenye ule mstari. Mpagazi aliyebeba masanduku ya kaliba 11 kichwani hakuwa na amri ya gwaride ya kukumbuka. Mpiga mbizi wa Manza angeonyesha nini, angeshika pumzi? Na yule aliyekaa wiki nzima akivuta vichwa vya risasi, akianika baruti, akirudisha moja moja ili mwenzake asisikie "kli" porini, angepewa fagio afanye nini nalo?

Mikono yao pia ilikumbuka. Ila hakukuwa na mtu aliyejua amri ya kuwapa.

Kama kwenu kuna babu au bibi aliyewahi kusimulia kuhusu "vita ya Mjerumani", iwe Tanga, Lindi, Songea au popote, tupia kwenye komenti hapo chini kabla haijapotea. Na safari hii, kama jina unalijua, liandike.